Kuandika Kiingereza cha Leo kwa Runi za Waanglo-Saksoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapofungua daftari langu la runi mbele za watu, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Mengine yana jibu la kihistoria ambalo halina ubishi. Mengine ni suala la kuchagua, na hapo nitasema wazi kwamba nimechagua mimi.

Runi za Waanglo-Saksoni ni zipi? Ndizo zile za Waviking?

Sizo, ingawa ni ndugu wa tumbo moja. Runi ni herufi zilizotumiwa na watu wa kaskazini mwa Ulaya waliosema lugha za jamii ya Kijerumani. Safu yao ya kwanza ilikuwa na runi 24. Katika karne ya 5 Waangle, Wasaksoni na Wajuti, ambao kwa pamoja tunawaita Waanglo-Saksoni, walivuka bahari na kuhamia Britania, na herufi hizo wakaenda nazo. Lugha yao ilikuwa imeanza kugeuka, hasa irabu zake, kiasi kwamba runi moja ya zamani ya sauti a haikutosha tena. Wakaigawa ikawa tatu: ᚪ, ᚫ na ᚩ. Baadaye wakaongeza nyingine, safu ikafika runi 28, na kaskazini, huko Northumbria, zikazidi hapo.

Watu wa Skandinavia walikwenda njia ya kinyume. Kabla ya enzi ya Waviking walipunguza runi zao zikabaki 16 tu. Kwa hiyo anayetaka kuandika Kiingereza ana sababu nzuri ya kuchagua runi za Uingereza: ndizo zilizokuzwa kwa ajili ya lugha hiyo hiyo ilipokuwa changa. Safu nzima huitwa futhorki, jina linalotokana na runi zake sita za mwanzo: ᚠ ᚢ ᚦ ᚩ ᚱ ᚳ, yaani f, u, th, o, r, k.

Waliziandika wapi? Kuna ushahidi wa kutosha?

Upo, na unagusa moyo. Mwaka 1857 upanga mfupi ulitolewa katika mto Thames, London. Ubavuni mwake zimepambwa runi 28 za futhorki zikifuatana, na pembeni jina la mtu: Beagnoth. Leo uko British Museum. Huko huko kuna sanduku dogo la mfupa wa nyangumi, la karne ya 8, lijulikanalo kama sanduku la Franks, ambalo kuta zake zimechongwa picha na runi pande zote. Ruthwell, kusini mwa Uskoti, unasimama msalaba mrefu wa mawe wenye mistari ya shairi ambamo msalaba wenyewe unasimulia kifo cha Kristo. Na jeneza la mtakatifu Cuthbert, la mwaka 698, lina majina matakatifu, mengine kwa runi na mengine kwa herufi za Kilatini, bila fundi kuona tatizo lolote kuchanganya.

Kisha kuna shairi la runi lenye beti 29, kila ubeti ukifumbua jina la runi moja. Hati yake iliteketea kwa moto London mwaka 1731. Tunalisoma leo kwa sababu msomi George Hickes alikuwa amelichapisha mwaka 1705. Miaka 26 tu ya tofauti! Bila nakala hiyo majina mengi ya runi za Kiingereza yangekuwa mashakani.

Kwa nini nisichukue jedwali tu, a iwe hii, b iwe ile, nikabadilisha herufi kwa herufi?

Unaweza, na wengi ndivyo wanavyofanya. Ila hapo utakuwa hujaandika Kiingereza kwa runi. Utakuwa umeandika tahajia ya Kiingereza kwa runi, na hayo ni mambo mawili.

Sisi tumezoea kwamba neno "kalamu" lina herufi sita na zote sita zinasikika. Neno la Kiingereza "knight" nalo lina herufi sita, lakini sikio linapata sauti tatu: n, ai, t. Zile nyingine ni kumbukumbu. Katika Kiingereza cha Kale neno hilo lilikuwa "cniht", na mtu aliyelisema alitamka kila kitu, k ya mwanzo na mkwaruzo wa koo kabla ya t. Mchongaji wa zamani angeandika ᚳᚾᛁᚻᛏ kwa sababu ndivyo alivyosikia. Ukibadilisha herufi kwa herufi leo utapata ᛣᚾᛁᚷᚻᛏ, neno ambalo si la kale wala si la leo. Hakuna kinywa kilichowahi kulitamka. Ukiandika unachosikia utapata ᚾᚪᛁᛏ.

Hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote katika ukurasa huu. Runi ziliandika sauti. Mwenye kuziheshimu ataandika sauti. Na msomaji wa Kiswahili ana heri hapa, maana tahajia yetu imemfundisha kusikiliza kabla ya kuandika. Tulipochukua "bicycle" hatukuchukua y wala c zake; tulisikia, tukaandika baiskeli. "Shirt" ikawa shati, "coat" ikawa koti. Kazi ya kuandika Kiingereza kwa runi ni kazi ile ile, tofauti ni kwamba huongezi irabu mwishoni.

Lakini "right" na "write" si zitafanana?

Zitafanana, zote ᚱᚪᛁᛏ, kama zinavyofanana masikioni. Sisi tuna paa wa porini, paa la nyumba na paa ya ndege inayoruka, na hakuna anayepotea njia katikati ya sentensi.

Niandike kwa lafudhi ya nani?

Yako, au ya yule unayemwandikia. Waanglo-Saksoni nao hawakuwa na lafudhi moja, ndiyo maana maneno ya Northumbria yameandikwa tofauti na ya kusini. Ushauri wangu ni mmoja tu: andika ᚱ kila mahali tahajia ilipo na r, hata kama wewe ni wa wale wasemao "car" bila kuitamka. Waskoti, Waairishi na Wamarekani wengi wanaitamka, na asiyeitamka hataumia kuiona.

Konsonanti zipi zinasumbua?

Nyingi hazisumbui hata kidogo. Hizi zichukue kama zilivyo: ᚠ f, ᚦ th, ᚱ r, ᚷ g, ᚹ w, ᚻ h, ᚾ n, ᛈ p, ᛋ s, ᛏ t, ᛒ b, ᛗ m, ᛚ l, ᛞ d. Runi ᛄ ni y ya "year", neno ambalo ndilo jina lenyewe la runi hiyo.

Sasa zile ngumu. Anza na k na ch. Katika Kiingereza cha Kale herufi c ilikuwa na sauti mbili kutegemea jirani yake, na wachongaji wengi waliandika ᚳ kwa zote mbili. Lakini Ruthwell mchongaji hakuridhika. Alitumia runi nyingine, ᛣ, kwa k ngumu ya neno "krist", yaani Kristo, akaiacha ᚳ kwa sauti laini. Mimi namfuata yeye: ᛣ ni k, ᚳ ni ch. Hivyo "king" ni ᛣᛁᛝ na "church" inaanza na kuishia kwa ᚳ.

Sh nayo waliimaliza zamani. Waliandika sc, na kwa runi ᛋᚳ. Ukingo wa juu wa upande wa mbele wa sanduku la Franks unaanza na neno ᚠᛁᛋᚳ, samaki, katika habari ya nyangumi aliyetupwa ufukweni. Sasa andika "fish" ya leo kwa utaratibu huu. Utapata ᚠᛁᛋᚳ. Runi zile zile nne, kwa mpangilio ule ule, baada ya miaka 1,300, na bado neno ni lile lile na samaki ni yule yule. Siku nilipoligundua hilo nililiandika mara kumi kwenye ukurasa mmoja.

J ya "judge" andika ᚳᚷ, kwa kuwa waandishi wao waliandika cg: "brycg" ya zamani ni "bridge" ya leo. Kwa q tumia ᛣᚹ. Ipo runi ᛢ inayodaiwa kuwa ya sauti hiyo, lakini inaonekana kwenye hati za karatasi za ngozi tu, si kwenye mawe wala mifupa, na "cwen", malkia, waliiandika kwa c na w bila shida. X ni ᛣᛋ.

Runi ᛝ ni zawadi kwetu. Ni ng' ya ng'ombe, sauti moja, runi moja. Waingereza wengi huchelewa kuelewa kwa nini "singer" na "finger" haziandikwi sawa. Wewe jiulize tu kama unasikia ng'ombe au ngoma. "Singer" ina ng' peke yake, ᛋᛁᛝᛖᚱ. "Finger" ina g inayofuata, ᚠᛁᛝᚷᛖᚱ.

Na v, z, na ile dh ya "this"?

Hapa ndipo mjadala ulipo. Katika Kiingereza cha Kale f na v hazikuwa sauti mbili zenye kutofautisha maneno. Palikuwa na f, na ilipokaa katikati ya irabu ikageuka ghuna yenyewe, yaani ikatamkwa kwa mtetemo wa koo: "ofer" iliandikwa kwa f, ikasikika v, na leo ni "over". S nayo ilifanya vivyo hivyo ikawa z, na th ikawa dh. Kwa hiyo runi moja ilitosha kwa kila jozi. Baadaye yakaingia maneno ya Kifaransa kama "view" na "very", v ikaja mwanzoni mwa neno, na leo "fan" na "van" ni vitu viwili.

Msomaji wa hati zetu za kale ataitambua hali hii. Waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na fa moja kwa f na v, na msomaji alijua kwa muktadha. Wengine baadaye wakaongeza nukta, fa ikawa na nukta tatu, na v ikapata nyumba yake. Skandinavia ya zama za kati walifanya jambo hilo hilo kwa runi: waliweka nukta kwenye runi ya zamani ili kuonyesha sauti mpya. Mojawapo ni ᚡ, yaani ᚠ yenye nukta. Haikuwa ya futhorki, lakini naiazima kwa moyo mweupe. "Fan" ᚠᚫᚾ, "van" ᚡᚫᚾ. Anayetaka kubaki na futhorki tupu aandike ᚠ kwa zote, hajakosea.

Z ina suluhisho zuri zaidi. Runi ᛉ katika safu ya kwanza ya runi 24 ilikuwa z hasa. Katika lugha iliyozaa Kiingereza sauti ile ya z mwishoni mwa maneno ilipotea, runi ikabaki bila kazi. Waanglo-Saksoni wakaipa kazi ya x ya Kilatini. Kwenye jeneza la Cuthbert imetumika katika kifupisho cha jina la Kristo. Mimi nairudishia kazi yake ya kwanza. "Buzz" ni ᛒᚢᛉ, na "bus" ni ᛒᚢᛋ.

Kwa th na dh nabaki na ᚦ peke yake. Sikio la Mswahili linazitenga mara moja, thamani si dhamana, na utashawishika kutafuta runi ya pili. Lakini katika Kiingereza maneno yanayogongana kwa sababu ya sauti hizi ni machache sana, kama "thigh" na "thy". Waingereza wenyewe wameishi na th moja kwa zote mbili karne nyingi.

Sauti ya katikati ya "measure" ni adimu. Andika ᛉᛄ uendelee na safari.

Irabu je? Nasikia ndipo watu hukwama.

Ni kweli. Lafudhi ya kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti 44 hivi, na karibu 20 kati yake ni irabu na miunganiko ya irabu. Sisi tunaishi na tano. Futhorki iko katikati, na baadhi ya runi zake za irabu ziliwakilisha sauti ambazo Kiingereza kimezitupa.

Jambo la kuhuzunisha kidogo ni majina. Kila runi iliitwa kwa neno lililoanza na sauti yake. ᛁ iliitwa "is", barafu, ikitamkwa kama i ndefu. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote, na leo barafu ni "ice", inaanza na ai. ᚪ iliitwa "ac", mti wa mwaloni; sasa ni "oak". Majina yametoroka herufi zake. Wapo wanaosema basi tuzifuate, ᛁ iwe ai. Mimi sikubali, maana utavunja daraja na maandishi yote ya zamani. Runi ibaki na sauti yake, neno ndilo liandikwe upya.

Kwa irabu fupi natumia ᚫ kwa "cat", ᛖ kwa "bed", ᛁ kwa "ship", ᚩ kwa "pot" na ᚢ kwa "put". "Cup" nayo naiandikia ᚢ. Watu wa kaskazini mwa Uingereza hadi leo hutamka "cup" kwa irabu ile ile ya "put". Tofauti ilizaliwa kusini katika karne ya 17. "Look" na "luck" zitafanana, na muktadha utaamua.

Irabu ndefu nazirudufu. Mchongaji wa Ruthwell aliandika "riicnæ" kwa ᛁᛁ, kwa hiyo si uzushi. "Sheep" ni ᛋᚳᛁᛁᛈ na "ship" ni ᛋᚳᛁᛈ. Sisi tunaosomeshwa Kiingereza shuleni tunajua jinsi jozi hiyo inavyotutesa. Kuiandika kwa runi ni mazoezi mazuri ya sikio. "Food" ni ᚠᚢᚢᛞ, "law" ni ᛚᚩᚩ. A ya "father" ni ᚪ.

Miunganiko iandike kama Mswahili angeiandika: "time" ᛏᚪᛁᛗ, "now" ᚾᚪᚢ, "boy" ᛒᚩᛁ, "day" ᛞᛖᛁ.

Imebaki irabu ya "home", "stone" na "bone". Natumia ᛟ, ambayo katika safu ya kwanza ilikuwa o na jina lake kwa Waanglo-Saksoni, "ethel", lilimaanisha nchi ya urithi, nyumbani kwa mababu. "Home" ni ᚻᛟᛗ. Zamani maneno haya yote matatu yalikuwa na a ndefu: ham, stan, ban. Sanduku la Franks limetaja mfupa wake lenyewe kama ᛒᚪᚾ, "mfupa wa nyangumi". Leo naandika ᛒᛟᚾ. Runi moja tu imebadilika, na ndani yake imo historia nzima ya o kuchukua nafasi ya a. Huko Uskoti bado wapo wasemao "hame" na "stane". O haikuwahi kuwafikia.

Kwa irabu ya "bird" na "earth" natumia ᛠ, ambayo jina lake, "ear", hufasiriwa kuwa udongo wa kaburi: ᛒᛠᚱᛞ, ᛠᚱᚦ. Huo ni uamuzi wangu, nauona unakumbukika.

Na ile irabu fifi, kama a ya "about"?

Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na futhorki haina runi yake. Nimejaribu kuipa runi maalumu, ᚣ, ambayo sauti yake ya zamani imekufa. Ukurasa ukajaa ᚣ na maneno yakapoteza sura zao. Sasa naandika irabu ambayo ingesikika neno lingetamkwa polepole na kwa mkazo, na panapokosekana jibu naandika ᛖ. "The" ni ᚦᛖ. Sheria hii ina mwanya, lakini inasomeka.

Nipe sentensi nzima.

"The king gave the queen a ring of whale bone."

ᚦᛖ᛫ᛣᛁᛝ᛫ᚷᛖᛁᚡ᛫ᚦᛖ᛫ᛣᚹᛁᛁᚾ᛫ᚪ᛫ᚱᛁᛝ᛫ᚩᚡ᛫ᚹᛖᛁᛚ᛫ᛒᛟᚾ

Yaani mfalme alimpa malkia pete ya mfupa wa nyangumi. Angalia "of": tahajia ina f, sikio linasema v, nami nimelifuata sikio. Angalia "whale" pia. Anayeitamka kwa pumzi mwanzoni, kama Waskoti wengi, aandike ᚻᚹ. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu zamani.

Mbona ramani ya Tolkien haiko hivi?

Kwa sababu alichagua njia nyingine. Katika riwaya yake The Hobbit ya mwaka 1937, ramani ina Kiingereza cha leo kilichoandikwa kwa runi za Waanglo-Saksoni, na wengi wetu tulizionea hapo kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa mtaalamu wa Kiingereza cha Kale, alijua vizuri anachofanya. Alikaa karibu na tahajia: I ikafanya kazi ya J, U ikafanya ya V, q ikawa cw, na ᛟ akaipa ee. Inafaa kwa ramani ambayo msomaji anatakiwa aifumbue kwa subira. Kwa shajara au barua ya kurasa tatu, nadhani sauti zinaenda mbali zaidi. Lakini mtu akiniandikia kwa njia yake nitamsoma kwa furaha.

Nafasi kati ya maneno, herufi kubwa, alama, tarakimu?

Herufi kubwa hakuna. Maandishi ya kale mara nyingi yaliunganisha maneno yote, au yalitenganisha kwa nukta moja au zaidi. Natumia ᛫ kati ya maneno na ᛬ mwishoni mwa sentensi. Alama ya kuuliza sina; mpangilio wa maneno ya Kiingereza unaonyesha swali wenyewe. Namba ziandike kwa maneno.

Naweza kuandika jina langu la Kiswahili?

Bila shida, na ni rahisi kuliko Kiingereza. Fatuma ni ᚠᚪᛏᚢᛗᚪ, Zainabu ni ᛉᚪᛁᚾᚪᛒᚢ, Fadhili ni ᚠᚪᚦᛁᛚᛁ. Juma ataanza na runi mbili, ᚳᚷᚢᛗᚪ.

Nitaziandikaje kwenye simu au kompyuta?

Runi zimo katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, tangu toleo la 3.0 la mwaka 1999, na mwaka 2014 zikaongezwa nyingine nane, zikiwemo tatu za Tolkien na tano za irabu za siri za sanduku la Franks. Fonti ya bure ya Noto Sans Runic inazo, na Windows ina Segoe UI Historic. Kwa kuanza, hifadhi safu nzima kwenye faili moja uwe unanakili na kubandika.

Tahadhari ni moja. Runi za safu ya kwanza na za Kiingereza zimewekwa kundi moja, na baadhi zinafanana sana. H ya futhorki ni ᚻ yenye vijiti viwili katikati. ᚺ yenye kimoja ni ya safu nyingine. Vivyo hivyo chukua ᚳ, si ᚲ; ᛋ, si ᛊ; ᛝ, si ᛜ; na ᚩ, si ᚨ. Vibadilishaji vingi vya mtandaoni huzichanganya, na mwenye jicho ataona mara moja.

Je, runi si za ramli na uchawi?

Neno "run" katika Kiingereza cha Kale lilibeba pia maana ya siri na shauri la faragha, na huenda baadhi ya pete za kale zilichongwa kwa nia ya kinga. Lakini jeneza la mtakatifu na msalaba wa Ruthwell ni kazi za Wakristo waliozitumia kama sisi tunavyotumia a, b, ch. Mshairi Cynewulf alificha jina lake kwa runi ndani ya mashairi yake manne ya dini ili wasomaji wamwombee. Hizo seti za kutabiria zinazouzwa leo ni mambo ya juzi.

Nataka kuchora tatuu. Kuna la kuangalia?

Lipo, na naomba ulichukue kwa uzito. Wanazi waliiba baadhi ya runi. Umbo la ᛋ mbili pamoja lilikuwa nembo ya SS, kikosi cha Wanazi, na Ujerumani kulionyesha ni kosa la jinai. ᛟ, ᛏ na ᛉ zikisimama peke yake nazo zimetumiwa na makundi ya chuki, zamani na sasa. Ndani ya neno linalosomeka, ᚻᛟᛗ kwa mfano, runi inarudi kuwa herufi. Peke yake begani mwa mtu, mpita njia hana namna ya kujua nia yako, na Ulaya wapo ambao babu zao waliuawa chini ya alama hizo. Mimi sichongi ᛟ peke yake kwa mtu yeyote. Na maneno ya Kiingereza yenye s mbili huandikwa kwa ᛋ moja kwa utaratibu huu wa sauti, nami nashukuru kwa hilo.

Nikitaka kuchonga kwenye mti, nianzeje?

Tafuta ubao laini, msonobari unafaa. Mpingo uache kwanza. Nyuzi za mti ziende kushoto kulia, sambamba na mstari wa maandishi. Ukitazama runi utaona zina nguzo za wima na mikono ya mshazari, karibu hakuna mstari wa mlalo. Wengi huamini umbo hilo lilitokana na mbao: mkato wa mlalo hupotea ndani ya nyuzi au huupasua ubao, wakati wa wima unazikata nyuzi na kuonekana. Chora kwa penseli kwanza. Kata nguzo zote za neno, kisha rudi kwenye mikono, kila mkato kwa mapigo mawili ya kisu yanayokutana chini kama herufi V. Runi ya kwanza iwe ᛁ, mkato mmoja tu. Ya pili ᛚ. Ukishazipata hizo mbili, una nusu ya mikono unayoihitaji kwa ᚠᛁᛋᚳ.